Sola za kujifungia wenyewe: tuongelee na waya, jamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Gazeti letu linagusia habari za sola mara kwa mara na nawashukuru kwa hilo, lakini kila mkigusia habari inaishia kwenye paneli: picha ya paneli juu ya paa, maneno kwamba jua ni la bure, hesabu ya bili itakavyopungua, alafu mstari wa mwisho unasema mwone fundi. Sasa kuna sisi wengine ambao hatukuishia kwa fundi, tuliamua tujifunze tufunge wenyewe taratibu, leo taa, kesho feni, mwakani friji, na tuko wengi kuliko mnavyodhani. Sisi hatuna anayetuandikia. Ninachotaka kusema ni kimoja tu: pale katikati ya betri na inverta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230 wa nyumbani), kipande cha waya ambacho mara nyingi hakifiki hata mita mbili, ndo penye utamu wa hii kazi na ndo penye hatari yenyewe, na kwenye makala zote za sola nilizosoma hapo panarukwa kama hapapo.

Niseme kwanza kwa nini mtu anaanza, maana nikisoma naona kama waandishi wanaamini wote tunafukuzia kupunguza bili. Wengi wanaanza kwa sababu umeme umekatika mara nyingi mno wakiwa katikati ya kazi, wananunua betri moja na kapaneli kadogo ka kuwashia taa mbili, basi kishawaingia kwenye damu. Ukishaona taa inawaka usiku kwa jua la mchana ulilokusanya mwenyewe hutulii tena, utataka kujua limebaki kiasi gani, limeenda wapi, na kesho yakiwa mawingu kutwa nzima itakuwaje. Unaanza kutembea na multimita mfukoni unapima kila kitu kinachochomekwa ukutani. Kuna watu hawakuwahi kupenda hesabu shuleni na sa hivi wanazidisha volti kwa ampea kichwani wakiwa wanapiga mswaki.

Na ukipima ndo unashangaa. Chukua rauta ya intaneti, kadude kadogo kasikosumbua mtu, kanakula wati 10 hivi. Wati 10 kwa saa 24 ni wati-saa 240 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 ampea-saa 100, ile ambayo wengi wanaanza nayo, kwenye karatasi ina wati-saa 1200 lakini ukitaka ikae miaka usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600 za kutumia. Rauta peke yake ishachukua karibu nusu ya hizo 600. Alafu kuna inverta yenyewe. Inverta ikiwashwa tu, bila kuchomekwa kitu chochote, inakula, na ya ukubwa wa kati inaweza kula wati 30. Zidisha kwa 24 unapata 720. Yaani inverta imekaa kimya haijawasha hata taa moja na imekumalizia betri kabla siku haijaisha! Mtu ambaye hajapima atalia kwamba betri ni feki, atarudi dukani agombane, na betri haina kosa lolote. Aliyepima atafanya tofauti, ataona rauta yenyewe inataka volti 12 na betri ni ya volti 12, sasa ya nini kupandisha mpaka 230 alafu adapta ishushe tena mpaka 12, kila hatua ikitoa joto? Ataweka kikonveta kidogo cha DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri na paneli) cha kutuliza volti, maana betri ikiwa inachajiwa inapanda mpaka volti 14 na kitu na rauta haitaki hivyo, atailisha rauta moja kwa moja na usiku atazima inverta. Hajaongeza paneli hata moja na umeme unakaa karibu mara mbili ya ilivyokuwa. Hiyo ndo raha ninayoiongelea mimi na sijui kwa nini haiandikwi.

Paneli zenyewe sitazisema sana kwa sababu zimesemwa mno. Mfaransa Edmond Becquerel aliona mwanga ukizalisha umeme toka 1839, na maabara ya Bell kule Marekani mwaka 1954 wakaonyesha seli ya silikoni iliyobadilisha kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme, leo paneli za kawaida madukani zinapita asilimia 20. Ni kitu kigumu kuharibika, hakina kinachozunguka, unafunga unasahau. Ila hata hapo kuna mambo ambayo lebo haimwambii mtu. Zile wati zilizoandikwa nyuma zimepimwa maabara, mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba na seli zikiwa kwenye nyuzi 25. Juu ya paa saa saba mchana seli zinafika nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi moja ikipanda paneli inapoteza kama asilimia 0.35 hivi, kwa hiyo ya wati 400 ikishapata joto la nyuzi 65 inabaki na 340 na kitu hata kama jua ni kali namna gani. Ndo maana wazoefu wanaacha nafasi kati ya paneli na paa upepo upite. Na kivuli, jamani, kivuli cha tawi moja au cha antena kikilalia kona ya paneli hakikati kona ile tu, kinaweza kuondoa theluthi nzima, maana paneli ya kawaida imegawanywa mafungu matatu yenye diodi (vijidude vya kupitisha umeme pembeni), na fungu lililopata kivuli linarukwa lote.

Joto linapunguza volti, baridi inapandisha, na hili la baridi linaua kontrola za watu, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri. Mtu anafunga paneli tatu kwa mfululizo, kila moja imeandikwa volti 49 ikiwa haina mzigo (hailishi kitu), anajumlisha anapata 147, anaangalia kontrola imeandikwa mwisho 150, anasema safi inaingia. Asubuhi moja ya baridi ya nyuzi 10 jua linachomoza, paneli bado hazijapata moto, zile 147 zinakuwa 153 na kontrola imekufa kabla hata mwenye nyumba hajaamka. Lebo ya nyuma ya paneli ina ile asilimia ya volti na joto, imeandikwa kwa maandishi madogo, na hesabu yake ni ya dakika mbili.

Sasa nije kwenye waya, na hapa naomba mhariri usinikate.

Mtu ana inverta ya volti 12 na anataka kubeba mzigo wa wati 1000. Ongeza kile inverta inachopoteza ndani yake, unahitaji kama ampea 90 kutoka kwenye betri. Ampea 90! Waya wa soketi za nyumbani ambao wote tunaufahamu unabeba 16 au 20. Sasa huyu bwana betri ameiweka chini kule kwenye kona na inverta ameiweka sebuleni ili aone taa zake, umbali mita 5, na amenunua waya wa shaba wa milimita 10 za mraba kwa sababu machoni unaonekana mnene. Kwenda mita 5 na kurudi mita 5 ni mita 10 za shaba, ukinzani wake ni kama ohmu 0.0175, kanamba kadogo ambako ukikasoma unaona si kitu. Zidisha kwa 90. Umepoteza volti 1.6 njiani. Betri iko 12.5 na inverta inaona 10.9, inaanza kupiga alamu ya betri kuisha wakati betri imejaa. Na zile volti zilizopotea hazijapotea hewani, zimegeuka joto la wati 140 ndani ya waya, waya ambao pengine umepitishwa nyuma ya kabati la nguo. Mzigo ule ule ukiubeba kwa mfumo wa volti 48 unahitaji ampea 22 tu, waya ule ule urefu ule ule unapoteza chini ya nusu volti na joto halifiki hata wati 9. Ampea zikipungua mara nne joto linapungua mara kumi na sita, maana joto linafuata ampea mara ampea. Ndo sababu watu waliozoea watakwambia volti 12 ni ya taa na feni na chaja za simu, ukishafikiria friji na pampu nenda 24 au 48 moja kwa moja, na betri na inverta ziwekwe karibu kabisa, waya mrefu uwe ule wa upande wa 230 ambako ampea ni chache.

Sijasikia mtu akimweleza hivi mteja dukani. Mteja anaambiwa inverta ni ya wati 2000, anapewa na vile viwaya vyekundu na vyeusi vilivyokuja kwenye boksi, anaenda zake.

Alafu fyuzi. Betri za asidi zina ukali wake lakini hizi za lithiamu fosfeti ambazo kila mtu anazikimbilia sa hizi ni kitu kingine, ukinzani wa ndani ni mdogo mno, ukizipiga shoti zinatoa maelfu ya ampea papo hapo. Spana ikidondoka ikagusa vichwa viwili vya betri inayeyuka ikiwa imeng'ang'ania pale pale. Kwa hiyo kila betri inataka fyuzi, na fyuzi inakaa karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, isiwekwe kule kwa inverta, kwa sababu fyuzi inalinda waya, na kipande chochote cha waya kilichoko kati ya betri na fyuzi hakina wa kukilinda. Na sio fyuzi yoyote. Juu ya fyuzi kuna namba mbili na watu wanasoma moja. Ya kwanza ni ampea za kukatia. Ya pili ni ampea ambazo fyuzi inaweza kuzikata bila kupasuka au kuendelea kupitisha umeme kupitia moto wake yenyewe, na kwa benki kubwa ya lithiamu, yaani betri nyingi zilizounganishwa pamoja, unahitaji ile ya daraja la T ambayo inakata mpaka ampea 20,000, hizi za kwenye redio za magari hazijatengenezwa kwa kazi hiyo kabisa.

Na breka. Nimeona kwa macho yangu kwenye nyumba aliyofunga mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, breka ya kawaida ya AC, ile ya ukutani, imewekwa kwenye laini ya paneli zinazotoka na volti zaidi ya 100 za DC. Anayeiangalia anaona breka ni breka. Lakini umeme wa AC, ule wa ukutani unaogeuka mwelekeo, wa mizunguko 50 kwa sekunde unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo hata breka ikifunguka na cheche ikatokea, cheche ile inakufa yenyewe ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. DC haina sifuri. Cheche ikishaanza inaendelea kuwaka pale katikati ya vile vyuma viwili, ina joto la maelfu ya nyuzi wakati shaba yenyewe inayeyuka kwa 1085, plastiki ya breka itasemaje hapo? Paneli nazo huwezi kuzizima, jua likiwepo zinatoa. Breka ya DC imetengenezwa na sumaku na vyumba vya kuivuta ile cheche mpaka ikatike, na nyingine zina upande wa chanya na upande wa hasi, ukizigeuza ile sumaku inaisukuma cheche upande usiotakiwa. Kwa hiyo hata breka sahihi ikifungwa kichwa chini miguu juu ni hatari. Kwa sababu hiyo hiyo zile konekta za paneli hazichomolewi mzigo ukiwa unapita, unakata kwanza kwenye breka ndo unachomoa.

Na bado kufunga kwenyewe kwa mikono. Kichwa cha shaba kile kinachobanwa mwisho wa waya kinatakiwa kibanwe na mashine yake, ile ya mkono au ya haidroliki, sio kugongwa na nyundo. Kisha pale kwenye kichwa cha betri shaba igusane na betri moja kwa moja, washa (zile pete bapa za chuma) zije juu yake, alafu nati. Watu wengi wanaweka washa chini kwa sababu inaonekana nadhifu, sasa umeme wote wa ampea 90 unalazimika kupita kwenye ile washa ya chuma ambayo haipitishi umeme vizuri kama shaba, na hapo ndo joto linapoanzia. Ukimaliza kufunga beba mzigo mkubwa nusu saa, zima, kata, alafu gusa kila kiungo kwa mgongo wa kidole. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake hicho kina kasoro, hata kama kila kitu kinawaka. Kurudia kukaza nati baada ya wiki kadhaa nako ni muhimu kwa sababu vyuma vinapanuka na kusinyaa kila siku. Kitu kingine, ukiiunganisha inverta kubwa na betri mara ya kwanza inapiga cheche ya kutisha, ni kapasita zake (vitunza umeme vya ndani) zinajaa kwa mkupuo, wajuzi wanapitisha kwanza umeme kwenye rezista, kile cha kuupunguza kasi, kwa sekunde chache ndo wanagusisha waya wenyewe. Haya yote hayahitaji digrii. Yanahitaji mtu wa kuyasema.

Kuhusu betri zenyewe nitasema kidogo. Ya asidi ilianza na Gaston Planté mwaka 1859 na mpaka leo ina faida yake, inavumilia, inarudi kiwandani inayeyushwa inatengenezwa upya, na hali yake unaisoma kwa volti, ikiwa imepumzika masaa kadhaa 12.7 imejaa na kwenye 12.1 hivi iko nusu. Lakini ikichajiwa kupita kiasi inatoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba inaweza kulipuka, kwa hiyo kuiweka chini ya kitanda ni kutafuta kifo. Lithiamu fosfeti, ambayo kundi la John Goodenough lilifungua njia yake miaka ya 1990 (ni yule yule aliyepewa Nobeli ya kemia 2019 pamoja na Whittingham na Yoshino), haitoi gesi kwenye kuchaji kwa kawaida, unaweza kutumia asilimia 80 au 90 yake na inakaa maelfu ya mizunguko. Ila volti yake imelala mno, sehemu kubwa ya safari inazunguka kwenye 13 na kitu, kwa hiyo mita ya volti inakudanganya, inakwambia safi safi safi alafu ghafla giza. Inataka shanti, kile kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na zinazotoka. Na inataka BMS, ile bodi ya ulinzi wa betri, ya kuangalia kila seli, maana seli moja haitakiwi kupita volti 3.65 wala kushuka chini ya 2.5. Kwenye baridi ya chini ya sifuri nayo haichajiwi kabisa, inaharibika ndani bila kuonyesha nje.

Wale wanaookota seli za kompyuta mpakato za zamani na kutengeneza benki ya mamia ya seli, nawaheshimu uvumilivu wao kwa kweli, kupima kila seli moja moja ujazo na ukinzani ni kazi ya miezi. Lakini kemia ya seli nyingi za namna ile ni tofauti na fosfeti, ikipata joto kupita kiasi inajichochea yenyewe na inamwambukiza jirani yake, na moto wake hauzimiki kirahisi. Kama unafanya, kila seli iwe na kifyuzi chake na benki ikae nje ya nyumba wanayolala watu. Mtu mpya asianzie hapo, hilo nasema bila kupepesa.

Kuna jambo moja ambalo hata kwa ambaye anapenda kujaribu silivumilii. Ni ule waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, mtu anachomeka upande mmoja kwenye inverta na mwingine kwenye soketi ya ukuta ili nyumba nzima iwake umeme ukikatika. Umeme ule hauishii ukutani kwako. Ukisahau kuzima swichi kuu unatoka nje, unafika kwenye transfoma, na transfoma haijui umetoka wapi, inapandisha zile 230 kuwa maelfu ya volti, na huko juu ya nguzo kuna mtu ameshika nyaya akijua laini imekufa. Ana watoto yule. Na plagi yenyewe ikichomoka ina vyuma viwili uchi vyenye umeme mkononi mwako. Kitu cha kufanya hiyo kazi kipo, ni swichi ya chenjiova, ambayo ama nyumba iko kwenye gridi (umeme wa nguzo) ama iko kwenye inverta, haiwezekani kuwa kote kwa pamoja, na hiyo afunge mtu mwenye leseni maana inaingia kwenye bodi kuu. Hapo na mimi nasema mwone fundi. Na kwa sababu hiyo hiyo zile inverta za kurudisha umeme kwenye gridi zinajizima gridi ikikatika. Wapo watu wamefunga paneli nzuri juu ya paa wakidhani wameagana na giza, umeme umekatika na jua linawaka na nyumba nzima kimya, wakadhani wametapeliwa. Ni ulinzi wa yule mtu wa kwenye nguzo. Anayetaka taa wakati huo anahitaji betri na inverta ya aina inayoweza kujitenga.

Najua nitajibiwa kwamba kwa hatari zote hizi basi raia wa kawaida asiguse kabisa, waachiwe wataalamu. Hoja hiyo naielewa lakini naipinga, na sababu yangu ni ile breka niliyoitaja. Mwenye nyumba ile hakuwa na namna ya kujua. Alilipa, akaona taa, akashukuru. Angekuwa amewahi hata mara moja kufunga kamfumo kadogo ka wati 50 kwa mikono yake, ka taa mbili na kuchaji simu, angeuliza hii breka ni ya DC, fyuzi ya betri iko wapi, mbona huu waya ni wa moto. Fundi mzuri anafurahia maswali hayo na fundi mbovu anayakimbia. Kwa hiyo mimi naona kujifunza kwa mikono kwenye volti ndogo kunawaongezea kazi mafundi wazuri, na watu hawataacha kujifunga wenyewe eti kwa sababu gazeti limewaambia wasifanye, vifaa viko madukani na video ziko kila mahali, nyingi zikionyesha mtu akiunganisha betri bila fyuzi hata moja huku muziki unapigwa.

Kwa hiyo Ndugu Mhariri ombi langu liko wazi. Kwenye zile kurasa za teknolojia naomba mpige picha ya lebo ya nyuma ya paneli, kubwa ya kusomeka, mueleze kila mstari ni nini. Wiki nyingine mchapishe jedwali la unene wa waya na ampea na urefu, kwa volti 12, 24 na 48, jedwali la kukatwa na mkasi na kubandikwa ukutani karibu na betri. Mumtafute fundi mwenye leseni aandike kuhusu chenjiova na waya wa erthi, namna vinavyofungwa na namna ya kutambua vilivyofungwa vibaya. Na mkipiga picha ya mfumo wa mtu kwa ajili ya habari, kamera ishuke kutoka kwenye paa iingie mpaka pale betri ilipo, tuone fyuzi, na kama haipo mpiga picha aulize.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.